Friji inazima usiku na betri ina chaji: kutafuta hitilafu za umeme wa volti 12 ndani ya vani

Saa nane usiku, Magadi, joto bado limekaa ndani ya gari kama vile jua halijazama, nikasikia friji ikinyamaza. Ikangoja dakika moja hivi, ikajaribu kuwaka, ikalia "tik", ikanyamaza tena. Nikaangalia kimita cha betri ukutani: volti 12.4. Betri inasema ina chaji, friji inasema haina. Kulipokucha maziwa yalikuwa yamekatika na nyama ya wikendi nzima nikaitupa.

Niliporudi Nairobi nilifanya kosa ambalo nimewaona watu wengi wakilifanya baada ya kugeuza Hiace kuwa nyumba ya safari. Nilinunua betri nyingine. Wiki mbili baadaye, Naivasha, friji ikazima vile vile. Ndipo nikampelekea gari mzee mmoja fundi wa umeme wa magari kule Grogan. Betri hakuishughulikia kabisa. Aliniambia niwashe friji, akaweka ncha moja ya mita yake kwenye chanya ya betri na ncha nyingine kwenye chanya ya friji yenyewe, kule nyuma waya unakoingilia. Mita ikasoma volti 0.4. Akahamia upande wa hasi, akafanya vile vile. 0.3.

"Umeona, mama? Hizo zote zimepotelea njiani. Betri yako haina ubaya."

"Njia ipi, mzee?"

Akauvuta waya uliotokeza chini ya kabati, akaushika kati ya vidole viwili. "Huu ni waya wa taa za nyumba."

Tangu siku hiyo kila ninapoitwa kuangalia vani ya mtu naanza hapo: napima kwenye kifaa, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Kipimo cha betri peke yake, tena vitu vyote vikiwa vimezimwa, hakikuonyeshi mahali tatizo lilipo. Dalili nyingi nitakazozitaja hapa zina mzizi huo mmoja, hata zikija kwa sura tofauti.

Volti 12 na unene wa waya

Kifaa cha wati 120 nyumbani, kwenye stima ya volti 240, kinavuta nusu ampea (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita). Kifaa hicho hicho kwenye volti 12 kinavuta ampea 10, yaani mara ishirini. Na volti zinazopotea ndani ya waya hufuata ampea. Nyumbani ukipoteza nusu volti kati ya 240, hakuna atakayejua. Kwenye gari, nusu volti kati ya 12 ndiyo tofauti ya friji inayogandisha na friji inayolia "tik". Fundi wa nyumba aliyezoea waya wa 1.5 (milimita za mraba) kwa taa na 2.5 kwa soketi anakuja na mazoea hayo ndani ya vani kwa nia njema, na kazi yake inaonekana safi kabisa mpaka siku ya joto.

Hesabu yake si ngumu. Chukua urefu wa waya kwa mita, kwenda na kurudi. Zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175, halafu gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Friji yangu ilivuta ampea 5 na ilikuwa mita 6 kutoka kwenye betri, basi njia nzima ni mita 12. Kwa waya wa 1.5 unapoteza volti 0.7, zile zile alizozipata mzee kwa mita. Kwa waya wa 6 unapoteza chini ya 0.2. Mimi hulenga kutopoteza zaidi ya asilimia 3, ambayo ni kama volti 0.36, kwa friji, pampu na vifaa vya kuchaji. Taa za LED zinavumilia zaidi.

Kupoteza 0.7 kulizima friji kwa sababu friji za gari zina kinga ya betri, mara nyingi ya ngazi tatu. Ngazi ya juu huzima mapema, ili betri ya kuwashia gari isiishe. Friji haijui betri ina volti ngapi. Inajua tu volti zinazofika mlangoni kwake. Betri ya 12.4 ikianza kubeba mzigo hushuka kidogo, waya unakula 0.7, na mota ya friji inapoanza huvuta zaidi ya ampea 5, kwa hiyo wakati huo waya unakula zaidi. Wako watu wanaoishusha kinga hiyo hadi ngazi ya chini na kusema wametibu. Ishushe ikiwa friji iko kwenye betri ya pili, si ile ya kuwashia gari, ni sawa, lakini badilisha waya kwanza.

Sababu nyingine mbili za friji kabla hatujaondoka hapo. Plagi ya tundu la kiberiti cha sigara hulegea kwa mitikisiko ya barabara, ikilegea hupata joto, ikipata joto hupoteza volti. Iguse baada ya nusu saa ya friji kukimbia. Ikiwa ya moto, itoe na uunganishe friji moja kwa moja kwa viunganishi vya kubana. Na kama friji imefungiwa kwenye kabati lisilo na matundu ya hewa, mota haitapumzika hata kidogo. Friji ya wati 45 inayofanya kazi nusu ya siku hula kama ampea-saa 45 kwa siku (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa nzima). Ikifanya kazi siku nzima ni 90, na hakuna betri ya kawaida ya risasi ya ampea-saa 100 itakayostahimili hilo, kwa sababu betri ya risasi haifai kutumiwa chini ya nusu mara kwa mara.

Waya ni mnene, volti bado zinapotea

Hapa toa kisu. Kuna waya mwingi sokoni ambao ni alumini iliyopakwa shaba. Ni mwepesi mkononi na bei yake inafurahisha. Kwangua uzi mmoja: ukikuta wekundu nje na weupe ndani, ni alumini. Usichanganye na waya wa shaba uliopakwa bati, ambao ni kinyume chake, mweupe nje na mwekundu ndani, na huo ni waya bora sana, hasa kwa anayekwenda pwani. Waya wa alumini iliyopakwa shaba unapoteza kama mara 1.6 ya shaba ya unene ule ule, na kwenye viungo hulegea na kushika kutu mapema.

Kosa la pili ni waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Ukutani unakaa miaka hamsini. Ndani ya gari linalopita barabara za changarawe hukatika ndani ya ganda lake, na kwa macho huoni chochote. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi.

Kosa la tatu ni viungo vya kusokota na kuzungushia tepu. Kwenye joto la Magadi au Baringo gundi ya tepu huyeyuka, tepu inafunguka yenyewe, na nyuzi zinaachana. Kulehemu peke yake nako si dawa: pale risasi inapoishia waya hugeuka mgumu, na mtikisiko huukata hapo hapo. Bana viungo kwa koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo, vuta kwa nguvu kujaribu, halafu funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kiungo kikichomoka mkononi mwako leo, ashukuriwe Mungu hakikuchomokea Marsabit.

Taa zinafifia pampu ya maji inapoanza

Washa taa, fungua bomba, na upime upande wa hasi kwanza. Mafundi wengi huangalia chanya tu, kumbe umeme unarudi kwa hasi na hasi yenyewe imefungwa kwenye bodi juu ya rangi. Mara nyingi utakuta pampu na taa zimechangia waya mmoja mwembamba wa kurudi, au athi moja (waya wa hasi unaoshikwa kwenye bodi) iliyofungwa kwa skrubu ya mbao iliyotoboa bati.

Nilikuta moja hivi majuzi kwenye vani ya jirani yangu. Nati ilikuwa imekazwa vizuri, hata kwa spana haikusogea. Nikaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe ya kiwandani, safi, na kiduara cha kutu chembamba kama uzi, ambapo ukingo wa kichwa cha waya ulikuwa umekwaruza. Umeme wote wa pampu, taa na feni ulipita kwenye kiduara hicho. Tukapiga msasa hadi bati ling'ae, tukaweka washa, ile pete ya chuma, yenye meno, tukakaza, tukapaka grisi juu. Kabla: 0.9 zilizopotea. Baada: 0.05. Hatukununua chochote isipokuwa washa.

Kama bado unapanga, vuta hasi ya kila kifaa kikubwa hadi kwenye baa moja ya shaba karibu na betri, na bodi iunganishwe na baa hiyo mara moja tu kwa waya mnene. Ukifanya hivyo, siku ya hitilafu una mahali pamoja pa kupima.

Fyuzi inaungua tena na tena

Usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya, si kifaa. Waya wa 1.5 nauwekea fyuzi isiyozidi ampea 15, wa 2.5 isiyozidi 20, wa 6 nautosheleza kwa 30. Ukiweka fyuzi ya 30 kwenye waya wa 1.5, waya wenyewe ndio utakaoungua badala ya fyuzi, nyuma ya mbao zako, karibu na godoro.

Ikiungua papo hapo unapowasha, hata kifaa kikiwa kimechomolewa, kuna shoti kwenye waya. Angalia kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati bila raba ya kuukinga, na kila skrubu ya mbao iliyopigwa baada ya waya kupita. Ikiungua kifaa kinapoanza tu, fyuzi ni ndogo kwa mota hiyo, au mota imekwama: pampu yenye mchanga hufanya hivyo. Ikiungua baada ya dakika ishirini, au kishikio chake kimeyeyuka huku fyuzi ikiwa nzima, mara nyingi tatizo ni kishikio kilicholegea.

Fyuzi kuu iwe karibu na betri, isizidi shubiri moja. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Swichi za ukutani za nyumbani pia ziache nyumbani. Umeme wa volti 240 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ndani ya swichi hujizima. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche inakaa, inakula vyuma vya ndani, na swichi huanza kupata joto.

Unaendesha siku nzima, betri ya pili haijai

Pima betri zote mbili, ya mbele ya kuwashia gari na ya nyuma ya vifaa, injini ikiwa inazunguka. Ya mbele ikisoma 14.2 na ya nyuma 12.6, umeme haufiki: rilei, yaani swichi ya umeme inayounganisha betri hizo mbili, haifungi au fyuzi imekatika. Rilei nyingi zinazosikiliza volti hufunga karibu na 13.3 na kuachia karibu na 12.8, na athi yake ndogo ikilegea haifungi kamwe. Ya mbele 14.2 na ya nyuma 13.4, umeme unafika ukiwa umechoka. Hiyo ndiyo hitilafu ya friji kwa sura nyingine: waya mwembamba kutoka mbele hadi nyuma. Betri ya risasi inayochajiwa kwa 13.4 haijai siku hiyo, haijai kesho, na inaanza kuharibika ikiwa nusu.

Kama hata ya mbele inasoma 12.6 au inapanda na kushuka ovyo, angalia kwanza mkanda wa alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini. Ikiwa gari ni la miaka ya karibuni, huenda alteneta yake inaendeshwa na kompyuta ya gari na hushusha volti kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Hapo rilei haitoshi, unahitaji chaja ya betri kwa betri, inayochukua umeme wa betri ya mbele na kuichaji ya nyuma.

Wenye betri ya lithiamu wasiruke aya hii. Betri hiyo hunywa ampea zote inazopewa. Fikiria uko kwenye foleni ya Mombasa Road, injini inazunguka polepole, feni ya alteneta haivuti hewa ya kutosha, na betri inadai ampea 70. Alteneta huungua hivyo. Chaja ya betri kwa betri ya ampea 30 huizuia isidai zaidi.

Sola inaonyesha inafanya kazi lakini betri ni dhaifu

Juni hadi Agosti Nairobi ni mawingu, na vani iliyoegeshwa Kilimani mwezi wa Julai haitapata ilichopata mwezi wa Februari. Hilo si hitilafu. Panga matumizi yako kwa Julai.

Hitilafu yenyewe mara nyingi ni mahali kilipo kidhibiti, kile kifaa kati ya paneli na betri kinachopima chaji. Watu hukiweka karibu na mlango ili wakione vizuri, kisha huvuta waya mwembamba wa mita nne hadi kwenye betri. Kidhibiti hupima volti kwenye matundu yake mwenyewe. Kinaona 14.4, kinaamini betri imejaa, kinapunguza chaji. Betri wakati huo inaona 13.8. Pima sehemu zote mbili mchana jua likiwa kali, utaiona tofauti. Kihamishe kikae karibu na betri.

Angalia kivuli pia. Tawi la mgunga juu ya kona moja ya paneli linaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo. Hata mizigo kwenye keria hufanya hivyo asubuhi na jioni. Na unapounganisha upya, betri kwanza, paneli baadaye, kwa sababu vidhibiti vingi hujua ni mfumo wa volti 12 kwa kuiona betri. Paneli ya kawaida ya volti 12 ambayo haijaungwa popote husoma 21 hivi juani. Ukikuta 21 kwenye paneli na sifuri kwenye kidhibiti, huenda kiunganishi cha juu ya paa hakijabanwa.

Asubuhi gari haliwaki

Mara nyingi rilei imegandia, vifaa vikaimaliza betri ya mbele pamoja na ya nyuma, au mtu ameunga kitu cha nyumba kwenye betri ya mbele. Zima kila kitu, funga milango, toa hasi ya betri ya mbele, weka mita katikati ya nguzo na waya ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Gari lililolala linatakiwa kuvuta chini ya ampea 0.05. Ikiwa ni zaidi, toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, na ukimaliza rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti mara moja. Ukisahau, kipimo chako kijacho cha volti kitakuwa shoti.

Inveta inalia na kuzima

Inveta hugeuza volti 12 za betri kuwa 240. Wati 1000 kwa volti 12 ni ampea 83, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta yenyewe unafika kama 95. Kwa njia ya mita 4, kwenda na kurudi, waya wa 10 unakula volti 0.67. Wa 35 unakula chini ya 0.2. Nyaya nyembamba zinazokuja ndani ya boksi la inveta za bei nafuu mimi huziweka kando nisizifungue. Weka inveta karibu na betri, na urefu uwe upande wa volti 240.

Birika la umeme la wati 2000 linadai zaidi ya ampea 165 kabla hujahesabu hasara yoyote. Chai ichemshe kwa gesi. Na inveta ikiachwa imewashwa bila kazi bado hula, nusu ampea hadi moja au zaidi, ambayo kwa siku ni ampea-saa 12 hadi 24. Iwekee swichi unayoweza kuifikia ukiwa kitandani.

Volti 240 zinazotoka humo zinaua kama za nyumbani. Kwenye soketi hizo mwite fundi aliyesomea, na mwonyeshe mchoro wako wa nyaya za volti 12 kabla hajaanza. Wangu nimeubandika ndani ya mlango wa kabati la betri: kila waya na unene wake, urefu wake, fyuzi yake, na pembeni kwa kalamu volti nilizozikuta zikipotea siku nilipoupima, ili nikipima tena nione ni upi umebadilika.